Picha Iliyokosa Ukuta

Tangu nirudi, swali ni lile lile. Kuanzia kinyozi wangu wa hapa Igogo hadi wenzangu wa chumba cha walimu, kila mmoja ananivuta pembeni na kuniuliza kama ni kweli nilimpeleka mama mmoja wa Kichina kisiwani Kome, akafiwa huko huko, na kijiji kizima kikakaa matanga. Si kweli. Mama yule si Mchina, na hakufiwa na mtu. Matanga ndiyo yalikaliwa, hilo sikatai. Nimechoka kulieleza jambo hili kipande kipande, hasa kwa kinyozi huku wembe uko shingoni, kwa hiyo naliandika lote mara moja, kituo kwa kituo. Anayetaka kunicheka na anicheke akiwa amekaa.

Mirongo

Mama mwenyewe anaitwa Lidia. Kwao ni kaskazini kabisa ya dunia, kwa watu waitwao Wainuiti, ambako bahari huganda mpaka watu wakapita juu yake kama sisi tunavyopita barabarani. Ni mchoraji. Sista Yustina, mkuu wa kituo cha ushonaji cha wasichana kule Kome, alikutana naye alipokwenda masomoni ng'ambo. Wakapatana, Sista akamwalika aje na michoro yake ioneshwe mara mbili: kwanza mjini Mwanza, kisha kisiwani.

Mimi nilitakiwa kuwa mkalimani. Nafundisha Kiingereza chuoni na mara moja moja huandika makala gazetini, na watu hudhani mtu anayeandika makala anajua kila kitu. Mimi pia nilikuwa na dhana hiyo. Nikaandaa hotuba ndefu juu ya nyumba za barafu, mbwa wanaovuta magari yasiyo na magurudumu, na dubu weupe. Yote niliyatoa katika kumbukumbu ya kitabu cha jiografia nilichosoma darasa la sita, nikayapamba kidogo.

Tulipofika ukumbini Mirongo, hapa hapa mjini Mwanza, Lidia akafungua bomba la plastiki, lile la maji, alilolitumia kubebea karatasi zake, na hotuba yangu ikafa pale pale. Hapakuwa na nyumba ya barafu hata moja. Kulikuwa na mwanamke anayechuna ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, sakafuni mbele ya televisheni. Kulikuwa na pikipiki ya theluji iliyofunguliwa injini katikati ya sebule, na mwenye nyumba amelala chini yake. Friji kubwa nje ya mlango. Foleni ya dukani. Vyote vimechorwa kwa penseli za rangi, kwa uangalifu wa mtu anayetia uzi kwenye sindano.

Nikamwuliza ziko wapi nyumba za barafu.

"Babu yangu alikuwa nayo," akasema. "Mimi nina nyumba ya mbao ya serikali, mlango wake haufungi."

Picha kubwa kuliko zote, ndefu kama kitanda, ilionyesha jikoni. Meza imesukumwa ukutani na viti vimepandishwa juu yake. Televisheni imezimwa. Mlangoni kuna lundo la viatu. Watu wengi, wazee kwa watoto, wamekaa chini wakizunguka boksi lililokunjuliwa, na juu ya boksi kuna nyama nyekundu, mbichi. Wameinamia nyama ile, kila mmoja na kisu chake.

Mgeni rasmi alipofika mbele ya picha hiyo alisimama muda mrefu. Alikuwa mtu mpole, na nadhani alitaka mema. Alisema picha ile inamdhalilisha mgeni wetu mwenyewe: watu wanakula nyama mbichi sakafuni kama wasio na meza, na meza ipo. Ikashushwa kabla soda hazijafunguliwa. Niliyatafsiri maneno yake neno kwa neno, maana sikuweza kupata njia ya kuyalainisha. Lidia alikuwa akitazama misumari iliyobaki ukutani bila kazi.

Igogo

Alilala nyumbani kwangu. Asubuhi, mbele ya chai na chapati za mke wangu, Mama Neema, ndipo alipotoa lililokuwa moyoni.

"Kwetu kuna mnunuzi wa picha anayekuja kila mwaka," akasema. "Anataka dubu. Safari hii ameniambia picha zangu za jikoni hazimfai tena. Nimeibeba ile picha nione kama kuna watu popote watakaoiacha ukutani. Hapa wameishusha. Wakiishusha na huko kisiwani, nitarudi nyumbani nichore dubu mpaka nife."

"Kwani dubu huwezi kuwachora?"

"Nachora dubu vizuri sana. Ndiyo shida yenyewe."

Nikaapa kimoyomoyo kwamba picha ile itatundikwa Kome. Msinione shujaa. Mpango wangu ulikuwa kuitundika nyuma ya mlango, penye giza, watu wakishashiba.

Tukiwa tunasubiri gari, nilimpeleka kuona ziwa. Nilimpeleka palipo na yale mawe yaliyopandana majini, ambapo kila mgeni hupigwa picha. Akayatazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesalimiwa na asiyemjua, kisha akageuka kufuata harufu. Nyuma ya nyumba za Igogo wanawake walikuwa wanakaanga mapanki. Nilimweleza kwa aibu kwamba viwanda hukata minofu ya sangara ikapanda ndege, na sisi tunabaki na kichwa na mifupa, ndiyo mapanki yenyewe. Nikaongeza kwamba pale hapana kitu cha kuchora, turudi ziwani.

Lidia alikuwa ameshaomba kigoda. "Kule umenionyesha dubu," akasema, na kutoa penseli.

Usagara

Gari letu lilikuwa pikapu ya parokia. Nyuma tulipakia cherehani za Sista Yustina, magunia ya unga na lile bomba la picha. Dereva aliitwa Dotto, kijana wa Kisukuma mcheshi kupita kiasi, ambaye alimwamkia Lidia shikamoo kila mara aliposimamisha gari. Nilikuwa nimemfundisha Lidia kuitikia marahaba. Akalipenda neno hilo, akawa analitumia kwa kila mtu na kwa kila jambo. Muuza mahindi wa Usagara alimwambia kwamba mahindi hayajaiva, akajibiwa marahaba.

Springi ya nyuma ilikatika tukikaribia njia panda ya Usagara. Dotto akachukuliwa na baiskeli kwenda kutafuta nyingine, nasi tukakaa chini ya kibaraza cha duka. Watu wakaanza kukusanyika. Sikuelewa wanatazama nini, nikadhani ni sura ya mgeni, mpaka mzee mmoja aliponisogelea na kuuliza kama bomba ni hilo moja tu au mengine yako njiani.

Hapo nikaelewa. Mgeni kutoka ng'ambo, bomba la maji, na mtu wa miwani anayeandika andika: mradi wa maji umefika Usagara. Nikakana. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, maana mtu wa mradi asiyetaka kusema ni mtu wa mradi hasa. Dotto aliporudi na springi begani, akauliza kuna nini, akaambiwa, na akaona ndiyo nafasi ya kunisaidia.

"Wazee wangu," akasema, "hiki ni kipimo tu. Mabomba yenyewe yanakuja nyuma."

Ikabidi tufungue bomba ili wajionee karatasi. Lidia akatoa picha ya friji, watu wakaishika pembe nne na kuijadili. Muuza mahindi akataka kujua mtu anayeishi kwenye barafu ananunuaje friji, hiyo si sawa na kununua mchanga ukiwa Usagara? Nilitafsiri. Lidia akasema barafu siku hizi inachelewa kuja na inawahi kuondoka, na nyama ikikaa nje inaoza, jambo ambalo mama yake hakuwahi kuliona. Wakatikisa vichwa, wakasema hata mvua za hapa nazo haziaminiki tena.

"Na maji mnapata wapi?" yule mzee akauliza. Hakuwa amesahau shida yake.

"Lori linaleta," akajibu Lidia. "Likiharibika, tunakaa."

Nilipotafsiri hilo, hali ilibadilika kabisa. Kumbe na wao hawana bomba. Walimpa pole, wakampa mahindi ya kuchoma bure, na mzee akamwambia wavumilie, serikali zote ni ndugu.

Kigongo na Busisi

Kivuko kilikuwa upande wa pili na hakikuwa na haraka ya kurudi. Magugu maji yalikuwa yamejaa ghubani usiku uliotangulia. Zulia la kijani lenye maua ya zambarau lilisukumwa na upepo mpaka likaziba gati, na vijana walikuwa wanalikata kwa mapanga. Malori yalipanga foleni hadi kilimani. Nikaanza kulalamika kama ilivyo ada yangu, nikitaja mataifa ambayo yasingevumilia jambo hili. Lidia alikaa juu ya jiwe, akawa anatazama magugu yanavyosogea. Aliniambia kwao nao hukaa hivyo hivyo ufukweni, wakisubiri upepo uamue kama barafu itafungua njia. Zamani wazee walijua siku ya kuvuka. Sasa hakuna anayethubutu kusema.

Kilichomwondoa kwenye jiwe ni mlinzi wa gati. Siku ile kulikuwa na kaupepo, na mlinzi alikuwa amevaa koti kubwa la theluji lenye kofia ya manyoya, mtumba safi wa kutoka sokoni Mwanza. Lidia alipomwona alicheka mpaka akashika mbavu. Alikwenda akamzunguka, akapapasa mishono, akachungulia ndani ya kofia, na mlinzi akasimama wima kama anakaguliwa na jenerali.

"Mwambie koti zuri," Lidia akasema, "lakini kwetu angekufa nalo. Ni la watu wa mjini."

Mlinzi alipotafsiriwa akajivuta. "Mwambie na mimi ni mtu wa mjini. Nimezaliwa Usagara."

Akamchora pale pale, koti na yote, nyuma yake magugu na wanawake wenye kanga wakipunga upepo. Mlinzi akaomba karatasi ile, akapewa, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Mimi niliumia kwa ile mikunjo. Lidia alifurahi, akasema ni picha yake ya kwanza kupata mfuko.

Tulivuka mchana. Upande wa Busisi tulikula sato wa kukaanga kwa mama lishe mmoja aliyeniuliza kwa siri kama mgeni ataweza mifupa. Lidia alivunja kichwa, akanyonya macho, akachambua shavu, na kuacha sahani ikiwa na kitu kama kitana. Alisema kwao shavu la samaki hupewa mtoto anayependwa. Mama lishe akasema basi leo utapendwa mara mbili, akamwongezea kichwa kingine. Mimi niliacha nyama nyingi mgongoni, na mama lishe aliitazama sahani yangu kwa namna ambayo sijaisahau.

Sengerema hadi Nyakalilo

Kuhusu gesti ya Sengerema nitasema tu kwamba mlango wangu nao haukufunga, nikamkumbuka Lidia na serikali yake.

Asubuhi njia ilikuwa matope na mashimo. Nilikuwa nimemweleza Dotto habari ya picha ya jikoni na mashaka yangu, na yeye alikuwa ameifikiria usiku kucha. Kabla ya Nyakalilo akatoa ushauri.

"Mwalimu, waambie ni tikitimaji."

"Nini?"

"Ile nyama. Ni nyekundu, si ndiyo? Waambie watu wanakula tikitimaji. Nani atabisha? Kome hakuna aliyefika huko kwao."

Nakiri nilikuwa naupima ushauri ule. Nilikuwa nimefikia hatua ya kujiuliza mbegu nitazielezaje, Lidia alipotaka kujua tunazungumza nini. Nikamweleza. Alicheka mpaka Dotto akapunguza mwendo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mirongo kumwona akicheka juu ya picha ile. Halafu akasema pole pole kwamba hapana. Kama itashushwa, ishushwe kama nyama.

Kome

Tulivuka kwa mtumbwi wa injini. Mwenye mtumbwi aliupitisha katikati ya magugu kwa upondo, injini ikiwa imezimwa, na Lidia akamsaidia kusukuma kwa kasia bila kuombwa. Sista Yustina alitupokea ufukweni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele, akamkumbatia mgeni wake mpaka miguu ya Lidia ikaacha mchanga.

Maonyesho yalikuwa katika darasa la ushonaji. Wasichana walifunga nyuzi za nyavu kutoka dirisha hadi dirisha, wakatundika picha kwa vibanio vya nguo. Nikaichukua ile kubwa na kuelekea nayo nyuma ya mlango. Sista Yustina aliniuliza naipeleka wapi. Nikasema kule kuna kivuli, rangi hazitapauka. Akaninyang'anya kwa adabu, akaitundika katikati ya ukuta wa mbele, palipokuwa na ubao, mahali ambapo mtu akiingia hawezi kutazama kingine.

Mchana wanawake wakaja, wengi wao wanaoanika dagaa ufukweni, wakiwa na kelele na vicheko. Walimcheka aliyelala chini ya pikipiki sebuleni, wakasema ni mume wa fulani kabisa. Waliikubali foleni ya dukani. Lidia alisimama kando ya dirisha, mikono nyuma, akiwatazama watu na sio picha. Mimi nilisimama karibu yake nikitoka jasho.

Aliyetangulia kufika mbele ya picha kubwa alikuwa Bibi Nyamizi, mama mzee kuliko wote, ambaye wenzake walimpisha njia. Aliitazama. Kicheko kikafutika usoni mwake. Akavua ndala zake, akaziweka mlangoni, akavuta kanga akajifunika kichwa, na akakaa chini sakafuni. Waliomfuata wakatazama picha, wakamtazama yeye, na wao wakavua, wakajifunika, wakakaa. Mmoja akashika tama. Mwingine akatoka nje mbio.

"Wanaishusha?" Lidia akaninong'oneza.

Nilikuwa nafikiria tikitimaji. Nikamsogelea Bibi Nyamizi, nikachuchumaa, nikampa shikamoo.

"Marahaba. Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna aliyefariki, hawa ni watu wanakula tu.

"Mwalimu, mimi nimezika wengi," akasema. "Tazama mlangoni. Viatu vyote vile si vya nyumba moja. Viti vimetolewa. Ile televisheni wameizima. Watu wameinamisha vichwa. Usimfiche mgeni msiba wake."

Nikaigeukia picha. Nilikuwa nimeitazama tangu Mirongo, na sikuwahi kuona kitu kingine ndani yake isipokuwa nyama. Sasa nikaona nyumba ya msiba, hapana shaka yoyote, kama za kwetu Igogo. Bibi Nyamizi alikuwa ameshainuka. Alimfuata Lidia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akampa pole, na wanawake wote wakaitikia pole nyuma yake. Nikatafsiri. Nikamweleza kwamba wanamhani; kwamba kwetu viti vikitolewa na watu wakikaa chini namna hiyo, kuna aliyeondoka.

Lidia aliitazama picha yake kana kwamba imechorwa na mtu mwingine.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Mjomba wangu alipata sili, wa kwanza baada ya majira mabaya. Tuliita kila mtu. Hivyo ndivyo tunavyokaa tukiwa na furaha."

Nikatafsiri hilo nalo. Wanawake walitazamana chini ya kanga zao, na nikadhani sasa ndipo watakapokasirika. Lakini Bibi Nyamizi hakuwa mtu wa kuachia haraka. Alikwenda akaweka kidole kwenye picha, upande wa kushoto wa boksi, kati ya wanawake wawili. Kulikuwa na nafasi pale. Sakafuni kulikuwa na kisu cha umbo la nusu mwezi, kile cha wanawake wa kwao, na hakuna aliyekishika.

"Na hapa? Mwenye kisu yuko wapi?"

"Ni mimi," akasema Lidia. "Nilikuwa nimesimama juu ya ngazi, nachora."

"Kwa hiyo hukula?"

"Nilikula baadaye. Kilichobaki."

"Ndiyo maana nikasema kuna msiba," akasema Bibi Nyamizi. "Watu wote wanakula, mtu mmoja amesimama anawatazama. Huo si msiba?"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwenye vichanja vya dagaa. Lidia aliposikia tafsiri alicheka huku anafuta macho, na sikuweza kujua kwa hakika ni machozi ya namna gani, wala sikuuliza.

Nje, hata hivyo, mambo yalikuwa yameshakwenda mbali. Yule aliyetoka mbio alikuwa amefikisha habari. Wanaume walikuwa wameleta mabenchi na kuyapanga chini ya dirisha, wawili wameanza drafti kwa vizibo vya soda, moto umewashwa. Unga ulikuwa unaingia kwa mabeseni, na dagaa, na mihogo, na mkungu wa ndizi. Sista Yustina alitoka akatangaza kwa sauti yake ya kengele kwamba hakuna msiba, ahsanteni, mwende na Mungu. Wanaume wakashauriana. Mmoja akasimama kwa niaba yao, akasema wamefurahi sana kusikia hivyo, ila mbuzi ameshachinjwa. Na kama Sista anavyojua, chakula kilichopelekwa msibani hakirudishwi nyumbani. Ukikirudisha, umeufuata msiba kuukaribisha kwako.

Basi chakula kikapikwa, tukala matanga yasiyo na marehemu. Masinia yakashushwa sakafuni mbele ya picha, wanawake wakazunguka, na Bibi Nyamizi akamkalisha Lidia ubavuni kwake. Lidia aliomba ini la mbuzi litolewe motoni mapema, likiwa bado linatoa damu. Wanawake wakaacha kutafuna. Bibi Nyamizi akakata kipande, akakionja, akafikiri.

"Nimekula kibaya zaidi ya hiki harusini," akasema, na akachukua kingine.

Mimi nilikuwa na kazi nyingi: kutafsiri ndani, kutoka kuwaeleza wanaume kilichosemwa, kurudi na maswali yao. Picha ilibaki ukutani.

Kurudi

Ilibaki hata tulipoondoka. Lidia alimwachia Sista Yustina, na Bibi Nyamizi akajiteua mwenyewe kuwa mlinzi wake. Mtumbwini nikauliza, habari ya dubu je?

"Dubu wachorwe na wanaoishi nao," akasema, akiwa ameinamia karatasi magotini.

Pale Kigongo mlinzi alitupigia saluti akiwa ndani ya koti lake. Usagara tulisimama kununua mahindi, na yule mzee akaona bomba limerudi, jepesi, likibingirika peke yake nyuma ya pikapu. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nilijua," akawaambia wenzake. "Wamekwenda kuupeleka mradi ng'ambo."

Lidia aliniachia ile karatasi aliyoichora mtumbwini. Ni darasa la Kome: picha kwenye nyuzi, masinia, kanga, Bibi Nyamizi na kipande chake cha ini, lundo la ndala mlangoni. Karibu na mlango kuna nafasi wazi, na mbele ya nafasi hiyo sahani ya bati yenye ugali haijaguswa. Nikamwuliza mwenye sahani ni nani. Alitazama miguu yangu, na mimi nikaitazama. Nilikuwa bado na viatu vyangu, na hata kule darasani sikuvivua.

Jioni ile nilifika nyumbani njaa inauma. Mama Neema alikuwa amepika ugali na mapanki ya nazi, na watoto wameshajipanga kwenye makochi mbele ya televisheni, kila mtu na sahani yake mapajani, hakuna anayemtazama mwenzake. Nikavua viatu mlangoni. Nikasukuma meza mpaka ukutani, nikaweka kiti changu juu yake, nikakaa chini sakafuni na sahani yangu.

Mama Neema akaacha kutafuna. Alinitazama mimi, akaitazama meza. Kisha akainuka taratibu, akazima televisheni, akavuta kanga begani.

"Baba Neema," akasema kwa upole, "nani amefariki?"